Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA): bando la hotspoti linatumaliza

Mheshimiwa Mkurugenzi, shikamoo.

Naishi Mbeya, kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, faiba mtaani kwetu haijafika na router ya kulipia kila mwezi sijaiweza, kwa hiyo intaneti yangu yote inatoka kwenye simu, nawasha hotspoti laptopu inashika naanza kazi. Tuko wengi, wanachuo, walimu, vijana wa stationery, wanaoedit video za harusi.

Shida ni kwamba vifurushi vimepangwa kwa mtu wa simu, na laptopu inakula tofauti kabisa. Tovuti nyingi zinakuja nzito zaidi, video inajipandisha ubora kwa sababu skrini ni kubwa, halafu kuna apudeti za Windows, hizo ndo zinatuua, maana laptopu ikiona hotspoti inadhani ni waifai isiyoisha inaanza kuvuta, na apudeti kubwa moja inakula mpaka GB kadhaa. Ipo setingi ya kuiambia laptopu kwamba hii intaneti ni ya kupimwa, mimi nimeijua juzijuzi baada ya kuumia.

Niliumia hivi. Nilinunua GB 3 za siku tatu, nikafungua laptopu nitume kazi ya mteja, nikaenda kubandika chai. Narudi bando limeisha, na salio la kawaida elfu nne nililolibakiza nalo limekatwa lote bila kuulizwa, kazi haijaenda. Kwenye simu nikakuta meseji mbili, ya kwamba bando limetumika asilimia 75 na ya kwamba limetumika asilimia 100, zimepishana dakika chache tu. Kanuni yenu ya 2021 iliyozitaka kampuni za simu zitutumie hizo meseji ni nzuri na nashukuru kwa dhati, ila mtu wa hotspoti simu yake iko kwenye chaji pembeni na macho yako kwenye laptopu, onyo linafika anaona limeshapita.

Na hela yenyewe si ndogo Mheshimiwa. Bei elekezi mliyowahi kuitangaza ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB 1, nimepiga hesabu, GB 1 inakuja kama 2,079 kwa bei ya chini na kama 9,574 kwa bei ya juu. Kwahiyo GB 3 zilizoliwa na apudeti, hata kwa ile bei ya chini, ni zaidi ya elfu sita, na mimi ukurasa mmoja wa kutafsiri nalipwa elfu tano.

Kuna jingine limeniuma zaidi. Nilinunua kifurushi cha mtandao mmoja (siutaji), kwenye simu kinafungua vizuri, kwenye laptopu hata barua pepe haifunguki, napiga huduma kwa wateja naambiwa hicho hakiruhusu hotspoti. Kwenye menyu hapakuandikwa popote! MB nimelipia, niitumie kwenye simu au laptopu inamhusu nini aliyeniuzia? Marekani mwaka 2012 kampuni ya simu ya Verizon Wireless walilipa dola milioni 1.25 kumaliza uchunguzi wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kuhusu app za kugawa intaneti ya simu, na wateja waliokuwa wanalipia data kwa kipimo wakaruhusiwa kuzitumia bila nyongeza ya dola 20 kwa mwezi iliyokuwa inatozwa kwa kugawa intaneti. Wale wamefika huko zamani, na sisi wa hotspoti huku ndo tunaotegemea simu zaidi.

Naomba kampuni zilazimike kuandika kwenye menyu, kabla mtu hajabonyeza kununua, kama kifurushi kinakubali hotspoti. Naomba bando likiisha intaneti ikate hapohapo, salio lisiguswe mpaka mtu akubali mwenyewe. Na onyo la kwanza lije kwenye asilimia 50, maana kuanzia 75 laptopu haikupi nafasi.

Meseji zote za manunuzi na za maonyo bado ninazo kwenye simu pamoja na tarehe zake, mkizihitaji nitazileta ofisini kwenu hapa Mbeya.