Barua kwa mwanangu: karatasi ile usiisaini bado

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kuwa utaondoka nikiwa zamu ya usiku. Mama yako kaniambia wakala amekuletea mkataba wa kuuza jina na sura yako, na kwamba ukifika tu chuoni utatia sahihi. Kurasa kumi na nne. Umezisoma? Usinijibu kwamba wenzako wote wanasaini.

Nilianza kukueleza mezani jinsi picha za wachezaji zilivyogeuka pesa, ukainamia simu. Septemba 30, 1939, pale Randall's Island, New York, kituo cha NBC kilirusha mechi ya kwanza ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo kwenye televisheni, Fordham na Waynesburg. Kijana wa Waynesburg, Bobby Brooks, alikimbia na mpira yadi 63, tachidauni, yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, ya kwanza kuonekana kwenye kioo. Timu yake ilifungwa 34 kwa 7. Mawimbi yalitoka jengo la Empire State na hayakufika mbali na jiji, kwa hiyo kwao, huko magharibi ya Pennsylvania, hakuna aliyemwona akikimbia.

Kisha pesa ikaingia. Hapa hapa Philadelphia, Penn, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walianza kuonyesha mechi zao za nyumbani kwenye televisheni tangu 1940. Mwaka 1951 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaona viti vya uwanjani vinabaki vitupu, ikakataza vyuo kuuzia televisheni mechi zao vyenyewe. Penn wakakaidi. Wakatengwa, wapinzani wakatishia kutocheza nao, wakanywea. NCAA ikashika ufunguo hadi Mahakama ya Juu ilipoinyang'anya 1984. Miaka yote hiyo wakubwa wanagombania bei ya picha, na anayeangushwa matopeni haulizwi. Ruhusa ya wachezaji kuuza majina na sura zao imekuja juzi tu, 2021. Sasa karatasi hiyo inaichukua sura yako kwa miaka mingapi? Tafuta palipoandikwa muda. Usisaini kabla ya hapo.

Sisemi mimi ni hodari wa karatasi. Nyumba ya Chumbageni, kule Tanga, unajua ilivyokwenda. Yule bwana alikuwa na haraka, nami nikaona haya kutafuta miwani mbele yake.

Kazini nimewaonyesha picha yako ukiwa na helmeti, hata wasiouliza. Lakini chumba umekiacha kama kichaka, na mdogo wako anakihamia kesho, usimgombeze. Mashine ya kufulia inavuja tena, nimeweka ndoo. Koti zito nimelitia chini kabisa ya begi, usilitoe. Shangazi yako wa Tanga anauliza kama ataiona mechi. Nimemwambia kwenye simu itaonekana, ila kwao itakuwa saa saba usiku. Kasema atakesha.

Na usimwonee aibu huyo wakala. Akikuambia nafasi itapita, mwache ipite. Zile kurasa ziache juu ya friji nizisome nikirudi, pamoja na ile yenye maandishi madogo. Miwani ninayo.

Baba yako