Barua ya Kufunga Muhula wa Tatu: Kitabu Kilichomo Begini mwa Mtoto Wako

Ofisi ya Mwalimu Mkuu
Busia, Uganda
Desemba

Kwa wazazi na walezi wa P2, P3 na P4 (darasa la pili hadi la nne la msingi),

Salaam. Tumefunga salama, tunamshukuru Mungu. Ripoti imo ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya ada. Mahitaji ya muhula wa kwanza ni yale yale: rimu, mafagio, karatasi za chooni. Mwenye deni aje tuongee mapema, asimfungie mtoto nyumbani. Hayo yamekwisha.

Ninachotaka hasa kuwaandikia ni kile kitabu. Kila mtoto wa madarasa haya ameondoka na kitabu kimoja cha hadithi kutoka sanduku letu. Kina picha chache na sura fupi fupi, kiasi cha mtoto kumaliza moja kabla ya kulala. Hakina jini wala sungura anayezungumza. Kina msichana wa kawaida tu, mwenye maswali mengi na mdomo usiotulia, anayeharibu mambo kisha akahangaika kuyatengeneza.

Muhula huu mama mmoja alinijia ofisini amefura. Binti yake wa P4 alijipasulia yai bichi kichwani, na alipoulizwa akasema ameliona kitabuni. "Mwalimu, ndiyo masomo hayo?" Yai lile nalijua. Limo katika Ramona Quimby, Age 8, kitabu cha Beverly Cleary wa Marekani kilichotoka mwaka 1981. Ramona anawaona wenzake wakijipasulia mayai ya kuchemsha vichwani wakati wa chakula cha mchana. Naye anajigonga la kwake, kumbe mama yake alisahau kulichemsha.

Nikamwita mtoto atusimulie. Alisimulia yote kwa Kiswahili, bila kitabu mkononi: ute ukichuruzika, karani wa shule akimwosha nywele. Halafu akafika mahali ambapo Ramona anamsikia mwalimu wake akisema kwamba yeye ni msumbufu. "Hapo ndipo alipoumia," akasema, "si kwenye yai." Mama alinyamaza. Mimi pia, maana neno hilo nimelitamka mara nyingi kwenye varanda ya shule bila kuangalia nani yuko nyuma yangu.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa kwamba vitabu hivi vinafundisha utundu, namwelewa, ila sikubaliani naye. Utundu walikuwa nao kabla hawajajua kusoma.

Wasiovutiwa na Marekani tumewapa Anna Hibiscus cha Atinuke, mwandishi aliyezaliwa Nigeria. Anna anaishi kwenye boma moja na babu, bibi, shangazi, wajomba na binamu tele. Siku moja anaona raha kuuza machungwa nje ya geti, na yanakwisha haraka. Baadaye anagundua kwamba amewanyang'anya wateja wasichana wanaouza machungwa ili wapate kula. Watoto wetu, wanaopita sokoni hapa mpakani kila asubuhi, hawakuhitaji kuelezwa. Wavulana ndio waliobishana zaidi, kwa hiyo mwanao wa kiume asirudishe kitabu eti ni cha wasichana.

Nawaomba nusu saa kila siku. Na binti naye apewe nusu saa hiyo, isiwe kaka anasoma huku dada anasugua masufuria. Vitabu ni vya Kiingereza, na kuanzia P4 masomo yanafundishwa kwa Kiingereza, ndiyo maana tunahangaika nacho mapema. Wewe huhitaji kukijua. Mwambie akusomee, kisha akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kisamia, au lugha yoyote ya hapo nyumbani, wakati unachambua mboga. Akikosea neno mwache aendelee. Akikwama kabisa, ndipo mrudi nyuma pamoja. Na msimpe mtihani! Mtoto akijua kila sura ina maswali kumi mwishoni, atakificha kitabu chini ya godoro.

Kivikeni jalada la gazeti au kalenda ya zamani, na kiwekwe mbali na panya na paa linalovuja. Anayemaliza mapema abadilishane na jirani, mradi aandike jina la jirani huyo nyuma ya daftari lake. Vyote virudi siku ya kufungua. Kilichopotea kitalipwa, kilichochakaa kwa kusomwa hakina faini.

Wenu,
Mwalimu Mkuu