Risala ya wahitimu wa mafunzo ya kufungasha na kusafirisha mizigo hatarishi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma na Utafiti,
Waheshimiwa Wakuu wa Ndaki na Wakurugenzi,
Wakufunzi wetu,
Watumishi wenzetu na wanafunzi wa shahada za juu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutana hapa leo. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi na kukubali kuja kutukabidhi vyeti vyetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukitutazama tulioketi mbele yako utaona mchanganyiko usiozoeleka katika darasa moja. Wapo mafundi sanifu wa maabara na wanafunzi wa uzamivu, wapo watunza stoo, madereva na matarishi wa idara. Mchanganyiko huu umefanywa kwa makusudi. Chupa ya kemikali au sampuli ya damu inayotoka chuoni hupita mikononi mwa watu wote hawa kabla haijafika uwanja wa ndege, na kanuni za kimataifa zinataka kila mmoja wao awe amefundishwa kwa kiwango cha kazi anayoifanya.

Ipo imani iliyoota mizizi vyuoni kwamba mzigo ukishakabidhiwa kwa kampuni ya usafirishaji, dhamana nayo imehama. Sivyo hata kidogo. Kanuni za mizigo hatarishi za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, ambazo msingi wake ni maelekezo ya kiufundi ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinamtwika mtumaji kazi nzima: kuutambua mzigo uko katika daraja lipi kati ya madaraja 9, kuupa namba yake ya Umoja wa Mataifa, kuuchagulia kifungashio, kubandika lebo na kutia saini tamko la mtumaji kuhusu mzigo hatarishi pale linapohitajika. Wakala anaweza kusaidia, lakini hawezi kujua kilichomo ndani ya kichupa. Anayejua ni aliyekijaza.

Wakufunzi walituonyesha kwa nini jambo hili lilitungiwa sheria. Novemba 3, 1973, ndege ya mizigo ya Pan Am aina ya Boeing 707 iliondoka New York ikielekea Uskoti. Ikiwa angani, moshi ulianza kutanda ndani yake. Rubani aliigeuza kwenda Boston, lakini ikaanguka ikiwa karibu kutua, na wafanyakazi wote 3 waliokuwamo wakafariki. Miongoni mwa mizigo yake zilikuwamo chupa za asidi ya naitriki, zimepangwa katika masanduku ya mbao na kuzungushiwa vumbi la mbao. Wachunguzi waliona kuwa chanzo cha moshi huo yaelekea kilikuwa asidi iliyovuja na kukutana na vumbi hilo. Asidi ya naitriki ikigusa mbao huweza kuwasha moto bila kiberiti. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watunza stoo waliomo katika kundi letu waliguswa sana na habari hiyo, kwa sababu maranda na vumbi la mbao ndivyo vitu rahisi kupatikana mtu anapotaka chupa zisigongane. Haikupita miaka 2 Marekani ikawa na sheria maalumu ya usafirishaji wa vitu hatarishi.

Kwa chuo chetu, uzito mkubwa uko kwenye sampuli za kibaiolojia, na hapo ndipo tulipotumia muda mwingi zaidi. Chukua ugonjwa wa kifua kikuu. Makohozi ya mgonjwa yanayopelekwa kupimwa huingia Kundi B, lile la vimelea vyenye hatari ndogo zaidi, namba UN3373. Lakini bakteria wale wale wakishaoteshwa maabara, wakasafirishwa kwa ndege kama vimelea vilivyooteshwa, wanahamia Kundi A, lile la vimelea vyenye hatari kubwa zaidi, namba UN2814, ambako kifungashio ni kingine, tamko ni la lazima, na ndege ya abiria hairuhusiwi kubeba zaidi ya mililita 50 katika kifurushi kimoja. Aliyezoea kuandika “sampuli za TB” na kuishia hapo hajasema lolote la kumsaidia mpokea mzigo. Nchi yetu imepita katika mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Kwa ugonjwa wa namna hiyo hata damu tu ya mtu anayeshukiwa ni Kundi A. Hakuna nafasi ya kubahatisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo mezani, mkono wako wa kulia, tumeweka kifurushi cha mfano cha UN3373 tulichokifunga wenyewe. Kichupa cha ndani kimefungwa kizibo na kuzungushiwa utepe kisifunguke. Kimeviringishiwa karatasi za kunyonya, zenye uwezo wa kunywa kimiminika chote kilichomo endapo kichupa kitapasuka. Vyote hivyo vimeingia katika chombo cha pili kisichovuja, na kwa safari ya ndege lazima chombo hiki au kichupa cha ndani kistahimili tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 95. Orodha ya vilivyomo imewekwa kati ya chombo hicho na boksi la nje, ili atakayetaka kuisoma asilazimike kufungua chombo chenye sampuli. Boksi la nje ni gumu, na upande wake mmoja una angalau milimita 100 kwa 100. Kifungashio kizima kinapaswa kudondoshwa kutoka urefu wa mita 1.2 na kisivuje. Tulidondosha vifurushi vyetu vya mazoezi tukiwa tumejaza maji yenye rangi, na palipotokea doa kwenye karatasi kazi ilianza upya. Tunaamini dereva aliyefanya zoezi lile kwa mikono yake hatakubali tena kupakiwa boksi lililofungwa kwa gundi ya karatasi peke yake.

Barafu kavu ya kupozea sampuli nayo ilituchukua nusu siku, na ilistahili. Ina ubaridi wa nyuzi 78 chini ya sifuri, na haiyeyuki kuwa maji bali hugeuka gesi ya kaboni dayoksaidi. Kilo moja hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Ukiifungia ndani ya chombo kisichopumua, umetengeneza kitu cha kulipuka. Ukiipakia kwenye gari lililofungwa vioo, dereva anaweza kukosa hewa kabla hajagundua kinachomlevya. Kwa hiyo huwekwa nje ya chombo cha pili, ndani ya kasha linaloruhusu gesi kutoka, na juu yake huandikwa UN1845, uzito wake halisi kwa kilo, na kubandikwa lebo ya daraja la 9. Kuandika uzito kwa kukisia ni jambo tulilokatazwa kwa msisitizo, kwani kampuni ya ndege hutumia namba hiyo kupanga kiasi cha gesi kinachoweza kuvumiliwa ndani ya ndege.

Wenzetu wa zoolojia walifurahi kusikia kwamba wadudu na samaki waliohifadhiwa kwa ethanoli wana utaratibu mwepesi. Mfuko wa ndani ukiwa na kimiminika kisichozidi mililita 30, kifurushi kizima kikiwa na kisichozidi lita 1, na masharti mengine ya kifungu A180 yakifuatwa, mzigo huo husafiri bila vizuizi vingine vya mizigo hatarishi. Kanuni hizi hazikutungwa ili kukwamisha utafiti, na mfano huu unalidhihirisha hilo. Betri za lithiamu za kamera za porini na ndege nyuki tuzitaje kwa kifupi: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mzigo haziruhusiwi kabisa katika ndege ya abiria.

Ndani ya nchi nako kuna wenye mamlaka. Kemikali zipo chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipimo cha unyevu na mshindiliano wa udongo wanachokitumia wahandisi wetu wa ujenzi kina vyanzo vya mionzi, na kukihamisha kwenda eneo la barabara ni jambo la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, hata kama gari ni la chuo na safari ni ya saa moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, linalotusumbua zaidi ni sampuli zinazotoka vituo vya mikoani kwa basi. Mtafiti anafika stendi na kisanduku cha baridi, anaandikiwa stakabadhi ya kifurushi, na kisanduku kinaingia kwenye buti kati ya magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Kondakta haambiwi kilichomo. Akiona maji yanachuruzika atayafuta kwa mkono mtupu, kisha atakata tiketi na kula chakula njiani. Huyu si mtumishi wetu, hakusaini mkataba wowote na chuo, na hana namna ya kujikinga na jambo asilolijua. Tunasema kwa heshima zote kwamba chuo hakiwezi kuendelea kulifumbia macho hili.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu. Kwanza, chuo kiwe na dawati moja la kusafirisha mizigo hatarishi, na kifurushi chochote cha aina hiyo kisitoke getini bila saini ya mtu mwenye cheti ambacho muda wake haujaisha. Pili, bajeti ya mafunzo ya marudio itengwe mapema, kwani kwa usafiri wa anga mafunzo haya yanapaswa kurudiwa ndani ya miezi 24, na kitabu cha kanuni hutoka upya kila mwaka na kuanza kutumika Januari 1. Vyeti utakavyotukabidhi leo vina tarehe ya mwisho, na tungependa tarehe hiyo iwemo katika mpango wa chuo tangu sasa. Tatu, kila andiko la mradi liwe na kifungu cha fedha za vifungashio na gari la kubeba sampuli, ili basi la abiria lisiwe kimbilio.

La nne ni dogo kwa gharama lakini tunalitilia mkazo. Kifurushi cha Kundi A lazima kiandikwe jina na simu ya mtu anayewajibika. Mazoea ni kuandika simu ya mkononi ya mwanafunzi. Mwanafunzi huyo yumo darasani kazima simu, au yuko porini kusiko na mtandao, na boksi limevuja usiku kwenye ghala la mizigo. Tunaomba chuo kitoe namba moja rasmi, ipokelewe saa 24, na anayeipokea awe na orodha ya mizigo yote iliyo njiani na ajue la kumwambia mtu aliyesimama mbele ya boksi lililovuja. Dada zetu wawili wa kitengo cha usalama wa maabara, ambao nao wamehitimu leo, wamekwisha kuandaa rasimu ya zamu na wapo tayari kuianza mara simu itakapopatikana. Rasimu hiyo tumeiambatisha kwenye nakala ya risala hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.