Barua kwa wazazi: kufunga muhula, na ile jioni ya mazingira

Ndugu Wazazi na Walezi,

Muhula umekwisha salama. Ripoti za maendeleo wamekabidhiwa watoto wenu, na nafasi ya sahihi ya mzazi iko chini kabisa ya ukurasa wa pili. Naomba safari hii zisirudi tupu. Habari za masomo mtazisoma humo. Mimi nataka kuwaeleza jambo lisilokuwemo kwenye ripoti: jioni ya mazingira iliyoandaliwa na klabu yetu ya uzungumzaji, wiki mbili kabla ya kufunga.

Kwa ambao hamkuweza kufika, utaratibu ulikuwa hivi. Mwenye hotuba ya kuandaa alipewa dakika tano hadi saba. Mbele yake aliketi mtunza muda na kadi tatu: kijani dakika ya tano, njano ya sita, nyekundu ya saba. Pembeni palikuwa na mwanafunzi mwenye daftari, kazi yake kuhesabu kila "aaa" na kila "yaani" isiyo na kazi. Baadaye zikafuata hotuba za papo kwa papo: unachota karatasi kwenye kopo, unasoma mada, unazungumza dakika moja au mbili. (Mimi niliyefungua shughuli nilikutwa na "yaani" 11. Matokeo yalisomwa hadharani, bila huruma.)

Mwalimu mlezi wa klabu alianza kwa kisa cha Severn Cullis-Suzuki, msichana wa Kanada aliyehutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Rio de Janeiro mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 12. Yeye na wenzake walichangisha wenyewe fedha za safari. Aliwaambia wakubwa waliokuwa mbele yake kwamba kama hawajui kukitengeneza kilichoharibika, basi waache kukiharibu. Watoto walikaa kimya kabisa. Nadhani ni ile 12 iliyowagusa.

Wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa kijana wa darasa la saba. Alianza kwa kishindo: dunia mama yetu imelazwa mahututi, na sisi wanawe ndio tuliomjeruhi. Mikono ilipaa, sauti ikapanda na kushuka. Kufika aya ya tatu, maneno yakakatika. Akatazama dari, akatazama viatu vyake. Safu ya pili mzazi mmoja alikuwa anachezesha midomo kumkumbusha, na hapo nikamjua mwandishi wa hotuba. Sisemi kwa kumsuta, mimi mwenyewe nimewahi kumwandikia mwanangu.

Mlezi hakumwacha ashuke. Akamuuliza, "Nje ya dirisha la darasa lenu kuna nini?" Akajibu, "Mti." "Haya, tupe habari zake." Kijana akavuta pumzi. Akasema kwamba asubuhi kivuli cha mti ule kinaingia hadi dawati la nne, na saa sita kinajikunja chote kwenye shina. Kwamba tangu tawi lile kubwa likatwe, madawati mawili yamehamishwa kwa sababu jua linawapiga machoni wakiandika. Kwamba ndege waliokuwa wakilala kwenye tawi hilo sasa wanalala juu ya bomba la maji ya mvua, na bomba linaziba. Kadi ya njano ilipoinuliwa hakuiona. Mhesabuji wa "aaa" alipata moja tu.

Binti wa darasa la tano alikuja na pipa la taka la darasa lake. Alitandika gazeti, akamwaga, akahesabu mbele yetu: mirija ya kalamu 23, vifuniko vya chupa 9. Akainua mrija mmoja, akasema kalamu ile iliandika wiki tatu, lakini mrija wake hautaoza kama jani. Utavunjika vipande, na vipande vipande tena, mpaka visionekane, navyo bado ni plastiki. Kisha akageukia meza yetu ya waamuzi. "Na zile pale ni sita." Zilikuwa chupa zetu za maji. Yangu niliisukuma chini ya meza, nikachelewa. Jioni ijayo patakuwa na jagi na bilauri.

Wawili walimchagua Wangari Maathai. Wote walitaja Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, ila mmoja tu alirudi nyuma hadi 1977, alipoanzisha harakati ya wanawake kupanda miti. Alitoa hesabu ubaoni: miaka 27. "Ni mingi kuliko umri wa mwalimu wetu wa sayansi," akasema, na mwalimu akakiri.

Iliyonifurahisha zaidi ilihusu tabaka la ozoni, ile gesi ya juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua mno juu ya Antaktika, na kisababishi kilikuwa gesi zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia. Mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi mkataba wa Montreal wa kuzipunguza, na sasa tabaka linapona polepole. Ilikuwa hotuba pekee ya habari njema jioni nzima, na kusema kweli tunawalisha watoto vitisho vingi kuliko habari za namna hii.

Ombi langu la likizo ni dogo. Msiwaandikie hotuba. Mpe mtoto dakika mbili azungumzie kitu alichokiona au kukihesabu yeye mwenyewe, msikilize hadi mwisho, na Kiswahili chake usikisahihishe katikati. Mada ya muhula ujao ni maji. Klabu itakutana wiki ya pili baada ya kufungua, na kopo la mada litakuwa mezani kama kawaida. Safari hii wazazi nanyi mtachota.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu