Risala ya Wanafunzi Wenyeji kwa Mgeni Rasmi katika Hafla ya Kuwaaga Wanafunzi wa Muhula wa Ng'ambo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mchungaji wa Chuo, wahadhiri wetu, baba zetu na mama zetu mliowapokea wageni majumbani mwenu, wanafunzi wenzetu mnaotuaga leo, nasi tunaobaki: Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima hata tukakutanika mahali hapa. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Tunafahamu kwamba wewe ni mmoja wa watakaoamua iwapo mpango huu wa muhula wa ng'ambo, unaowaleta wanafunzi wa vyuo vya nje kusoma na kuishi kwetu kwa muhula mmoja, utaendelea, na kwa masharti gani. Kwa hiyo, kwa ruhusa yako, risala hii haitatumia muda mwingi katika sifa. Tutasema tuliyoyaona sisi tuliolala na wageni hawa bweni moja, tukasoma nao na tukasali nao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mipango ya aina hii ina umri wake. Mwaka 1968 Goshen College, chuo cha Kanisa la Wamenno (Mennonite) katika jimbo la Indiana nchini Marekani, kilianza kuwapeleka wanafunzi wake Costa Rica, Jamaika na Guadeloupe, wakaishi na familia za huko, sehemu ya muhula wakijifunza lugha na historia ya mahali, na sehemu nyingine wakishiriki kazi za huduma. Mwaka 1976 Wheaton College cha Illinois kilianzisha mpango wake wa miezi sita ya mafunzo kwa vitendo katika nchi zinazoendelea. Kwa upande wa Afrika, Uganda Christian University ya Mukono, iliyozaliwa mwaka 1997 kutokana na chuo cha theolojia kilichokuwapo tangu mwaka 1913, imekuwa ikipokea wanafunzi wa vyuo vya Kikristo vya Marekani kwa muhula mzima tangu mwaka 2004. Hata hivyo, Wamarekani wanaosoma nje ya nchi yao bado huelekea Ulaya kuliko bara jingine lolote. Anayechagua nchi inayoendelea amechagua njia isiyo na msongamano, na wengi wa waliokuja kwetu walituambia kwamba imani ndiyo iliyowasukuma.

Mwaka ule ule wa 1968, padri Ivan Illich alisimama nchini Mexico mbele ya vijana wa Amerika Kaskazini waliojiandaa kwenda kujitolea vijijini, akawaambia bila kupepesa macho kwamba waje kutazama, wapande milima, wafurahie maua na wasome, ila wasije kusaidia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1971, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitoa wito mjini Milwaukee kwamba wamisionari na fedha za kutoka nje visitishwe kwa muda, ili makanisa yaliyozoea kupokea yapate nafasi ya kujitambua na kusimama. Sisi hatuombi milango ifungwe. Tungekuwa wanafiki, kwa maana tumepata marafiki. Lakini swali walilouliza watu hao wawili, kwamba mgeni anakuja kufanya nini hasa, hatukuliona likijibiwa katika karatasi yoyote ya mpango huu tuliyopewa kusoma.

Wageni wetu walikuja na moyo wa kusaidia. Hatuwalaumu, kwani ndivyo makanisa yao yalivyowaombea, na ndivyo walivyoambiwa ndugu na jamaa waliowachangia nauli. Mtu aliyechangiwa nauli hujiona ana deni la kuonyesha kazi: tofali aliloweka, ukuta aliopaka rangi, watoto aliopiga nao picha. Ukweli ni kwamba kijana wa mwaka wa pili chuoni, asiyejua lugha ya mahali, asiyejua nani ni nani katika jamii, na atakayeondoka kabla hajaizoea njia ya kwenda hospitali, ana machache mno anayoweza kumfanyia mwenyeji ambayo mwenyeji hawezi kujifanyia mwenyewe.

Katika vikundi vyetu vya Biblia tulikaa muda mrefu katika sura ya 10 ya Injili ya Luka. Bwana anawatuma wanafunzi sabini, wawili wawili, bila mfuko, bila mkoba, bila viatu, akiwaagiza wakae katika nyumba ile ile iliyowapokea, wasihamehame, na wale wanachoandaliwa. Wametumwa, ndiyo, nao wana habari ya kutangaza na wagonjwa wa kuponya. Lakini wametumwa wakiwa wahitaji, kiasi kwamba asipopatikana wa kuwafungulia mlango hawana pa kulala. Hilo ndilo tunalotaka kulisema leo kwa uzito wote: muhula huu unastahili kuendelea iwapo utapangwa kuwa muhula wa kupokelewa, ambamo mwenyeji ndiye mwalimu na mgeni ndiye mwanafunzi, hata pale mwenyeji huyo anapokuwa mama asiyemaliza shule ya msingi.

Wapo watakaoona kwamba tunajikweza. Tunaomba wazingatie hesabu. Mwaka 1910 Wakristo wawili kati ya kila watatu duniani waliishi Ulaya, na Afrika iliyo kusini mwa Sahara haikuwa hata na asilimia 2 ya Wakristo wote. Kufikia mwaka 2010 Ulaya ilikuwa na robo tu, na Afrika hiyo hiyo ilikuwa imeikaribia robo. Mwanafunzi wa Kikristo anayetoka nchi tajiri kuja nchi inayoendelea leo, aghalabu anatoka mahali ambapo makanisa yanapungukiwa na watu, anakwenda mahali ambapo watu wanakosa nafasi ya kukaa kanisani. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi kwamba anatamani kuwaona ili awape karama ya rohoni, alifafanua papo hapo kwamba anataka wafarijiane, yeye na wao, kila mmoja kwa imani ya mwenzake. Ikiwa Paulo aliona haja ya ufafanuzi huo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana sababu ya kuukwepa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu iliyozaa matunda kuliko zote ni kuishi majumbani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na pale methali hiyo ilipofuatwa, mambo yalikwenda vizuri. Mgeni aliyepewa zamu ya kufagia na kufua alipata pia haki ya kukosolewa, na anayeweza kukosolewa ndiye mtu wa nyumbani. Huko ndiko walikojifunza lugha, kwa sababu mtoto wa miaka sita hana subira na mtu mzima anayekosea maneno, naye humsahihisha hapo hapo bila kumwonea haya. Familia zilizomketisha mgeni sebuleni na kumhudumia kwa heshima zote zilibaki na mgeni hadi siku ya mwisho, kila upande ukitabasamu na ukiwa umechoka.

Hata hivyo, mzigo wa ugeni haukubebwa na wote sawasawa. Katika nyumba nyingi uliwaangukia akina mama na mabinti, ambao walilazimika kuamka mapema zaidi na kulala baadaye zaidi, huku barua za shukrani zikiandikwa kwa jina la baba mwenye nyumba. Baadhi ya familia hazikuambiwa mapema kama mgeni ana maradhi yanayohitaji uangalizi, wala atakaa hadi lini. Posho ya kuwasaidia kumtunza mgeni ilifika mgeni akiwa ameshakaa sana. Akina mama hawakulalamika, maana kulalamika juu ya mgeni ni aibu. Ndiyo maana tunalisema sisi.

Darasani tulibishana sana, na tunawashukuru wahadhiri walioturuhusu. Tulibishana juu ya wamisionari na ukoloni, juu ya misaada na madeni, juu ya mahubiri yanayoahidi utajiri. Kuna sentensi moja ya wageni iliyotuchosha, nayo ni ile isemayo kwamba watu wa hapa ni maskini lakini wana furaha. Tuliwajibu, wakati mwingine kwa ukali tunaouombea radhi, kwamba uchangamfu anaoonyeshwa mgeni ni adabu, nao haumaanishi kwamba mwanafunzi haumii umeme unapokatika usiku wa kuamkia mtihani, wala kwamba mzazi aliyefiwa na mtoto kwa ugonjwa unaotibika ameridhika na hali yake. Nao wakatujibu kwamba sisi pia tunaamini kila anayetoka kwao ni tajiri, ilhali wapo kati yao wanaosoma kwa mikopo watakayoilipa kwa miaka mingi baada ya kuhitimu. Tulikuwa hatulijui hilo.

Lipo jambo moja ambalo hatutalipamba. Katika ratiba ya muhula kulikuwa na siku za kwenda kucheza na watoto katika vituo vya kulelea yatima. Mtoto aliyetengana na wazazi wake hushikamana upesi na mtu mzima anayemwonyesha upendo. Mtu huyo akiondoka, na mwingine akaja na kuondoka, na mwingine tena, jeraha lile lile hufunguliwa kila muhula. Isitoshe, watoto wengi wanaoitwa yatima katika vituo vya namna hiyo duniani wana mzazi mmoja aliye hai au hata wote wawili, na pale wageni wanapokuwa chanzo cha mapato, kituo hupata sababu ya kuwaweka watoto badala ya kuwarudisha kwao. Mwaka 2018 bunge la Australia lilipitisha sheria dhidi ya utumwa mamboleo baada ya uchunguzi uliogusa pia biashara ya watoto wa vituo hivyo, na mnamo Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, ambalo linagusia pia madhara ya watalii na watu wa kujitolea kwenda katika vituo hivyo. Nia njema ya wageni wetu hatuitilii shaka. Tunaomba tu ziara hizo zifutwe katika ratiba, zisipunguzwe bali zifutwe.

Kwa kifupi tunaongeza kwamba mwanafunzi wa uuguzi au utabibu asiruhusiwe kumfanyia mgonjwa wa hapa jambo ambalo sheria ya kwao haimruhusu kulifanya, na kwamba picha ya mtoto isipelekwe mtandaoni bila ridhaa ya mzazi wake.

Kuhusu wenzetu wanaoondoka, tunawakumbusha kwamba safari haiishii uwanja wa ndege. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alipoeleza mshtuko wa utamaduni, yaani hali ya kuchanganyikiwa inayompata mtu katika utamaduni asiouzoea, katika miaka ya 1950, alimzungumzia anayeingia ugenini. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn walionyesha kwamba anayerejea kwao naye hupatwa na mshtuko wa pili, na huo humkuta hajajiandaa, kwa sababu hakutarajia kuwa mgeni nyumbani kwao. Mtaombwa kanisani msimulie kwa dakika tano. Tunawasihi msiseme habari za umaskini wetu peke yake; semeni pia mlichofundishwa, na na nani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo tunayo maombi. La kwanza na kubwa ni kwamba njia hii iwe ya kwenda na kurudi. Katika muda wote ambao mpango umekuwapo, wageni wamekuja kwetu, na hakuna mwanafunzi mwenyeji aliyekwenda kusoma hata muhula mmoja katika vyuo vyao. Tunaelewa kwamba viza ni ngumu na kwamba ada za kule hatuziwezi. Lakini ada wanayolipa wageni inabaki kwa sehemu kubwa katika vyuo vyao, na tunaamini kwamba makubaliano mapya yanaweza kutenga sehemu ya fedha hiyo kwa ajili ya nafasi chache za wanafunzi wa hapa, hata ikiwa ni wawili kwa mwaka. Kama kupokelewa ni shule, nasi tunaomba kuandikishwa.

Tunaomba pia wawakilishi wa familia zinazopokea wageni, na hasa akina mama, wawe na viti katika kamati inayopanga muhula, waamue idadi ya wageni na muda wa kukaa kabla tarehe hazijatangazwa, na posho yao itolewe mgeni anapoingia. Tunaomba kila utafiti unaofanywa na mgeni kuhusu jamii zetu uletwe nakala yake katika maktaba yetu, kwa maana tumejibu madodoso mengi na majibu yake hatujawahi kuyasoma. Na tunaomba mafunzo ya lugha yaanze kabla wageni hawajapanda ndege, maana wiki za kwanza zilipotea katika salamu.

Mwisho tunawashukuru wazazi wetu waliofungua milango yao, wahadhiri waliovumilia mijadala yetu, na wenzetu wanaoondoka kwa kukubali kukosolewa na kwa kutukosoa. Tunawatakia safari njema na masomo mema. Kwako, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaahidi kwamba iwapo kamati itahitaji maelezo zaidi juu ya lolote tulilolisema hapa, tuko tayari kuitwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanafunzi wenyeji wa chuo.