Kisanduku cha simu kipe anwani isiyohama

Barabara ya 12, Ngamiani
Tanga

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema simu ya mezani ya Baba hapo Bagamoyo inaita vizuri, akinyanyua anasikika upande wa pili, ila yeye hasikii kitu. Ugonjwa huo naujua, umetutesa hapa nyumbani mwezi mzima.

Mama, unamjua, simu za kioo hazitaki. Macho yamepungua, naye amezoea mkono wa simu mzito anaoubana begani huku akichambua kunde. Dada alipotuletea kisanduku cha Linksys PAP2T kutoka Uingereza, kile kinachoiwezesha simu ya mezani kupiga kwa intaneti, kama hicho chako, nilikiunga kwenye ruta, nikachomeka simu ya zamani, na jioni ileile Mama akazungumza na mjukuu wake. Nikadhani kazi imekwisha.

Wiki ya pili umeme ukakatika usiku. Kulipokucha simu ikaita, Mama akapokea: "Haloo? Haloo, mwanangu?" Dada kule anamsikia barabara, anamwita, anaitika, na Mama hasikii hata pumzi. Alisubiri sana. Mwishowe akaurudisha mkono wa simu polepole, akaniuliza amemkosea nini mtoto wake. Somo, neno lile silisahau.

Chanzo kilikuwa hiki. Katika simu za intaneti wito na sauti haviendi njia moja. Wito hupita porti 5060, yaani mlango wenye namba hiyo. Sauti ina porti zake, na kwenye PAP2T ni 16384 hadi 16482. Mimi nilikuwa nimeiagiza ruta ipeleke porti za sauti kwenye 192.168.1.5, iliyokuwa anwani ya kisanduku siku ile. Kumbe anwani ile ilikuwa ya kuazima, ruta huzigawa yenyewe kwa DHCP. Umeme uliporudi, simu ya mpwa wangu ikawahi ile 5, kisanduku kikapewa 8. Wito uliendelea kufika kwa sababu kisanduku hujiandikisha chenyewe kwa seva, kompyuta ya kampuni ya simu inayopokea wito, lakini sauti ya dada ikawa inapelekwa kwenye simu ya mtoto aliyelala.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine, kipe kisanduku anwani isiyohama. Kompyuta huhitaji. Nyanyua mkono wa simu, bonyeza nyota mara nne, utasikia sauti ya Kiingereza. Bonyeza 110#, itakusomea anwani ya sasa. Kuzima DHCP ni 101#, kisha 0#, kisha 1 ili ihifadhi. Halafu 111# na anwani mpya, nyota ikikaa mahali pa nukta: 192*168*1*200#, na 1 tena. Mimi nilichagua 200 kwa kuwa ruta yetu inagawa 2 hadi 99. Angalia yako inagawa zipi, ukae nje yake. Bado 121#, ya ukubwa wa mtandao wa nyumbani, kwa 255*255*255*0, na 131# kwa anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192*168*1*1. Usiache 161#, ya DNS, inayogeuza jina la seva kuwa anwani. Niliiruka, kisanduku kikashindwa kuipata seva kwa jina lake, nikapoteza jioni nzima.

Ukimaliza, ingia kwenye ruta uelekeze porti za sauti kwenye anwani mpya. Humohumo utakuta sehemu iitwayo SIP ALG. Izime. Imewekwa isaidie, lakini huchezea anwani zilizo ndani ya ujumbe wa wito na mara nyingi ndiyo inayoua sauti. Kwenye kisanduku washa NAT Keep Alive, ruta isifunge njia mkiwa kimya.

Kuhusu bando: kodeki, yaani namna ya kusimba sauti, ya G.711 hula kama megabaiti 1.3 kwa dakika, kwenda na kurudi. G.729 hula karibu nusu megabaiti. Mama namwachia G.711, sauti yake ni safi zaidi na masikio nayo yanazeeka. Baba mpimie wewe.

Fanya kazi hiyo mchana, Baba akiwa msikitini, asikuone unahangaika na simu yake. Ukishaiwasha upya piga namba ya Mama baada ya magharibi. Nimemwambia akae karibu, na ameshavuta kiti.

Wako,
Somo