Mitego ya panya-mwitu isiachwe wazi mchana

Mhariri,

Vikundi vinavyotoka Nairobi kwenda kuhesabu panya-mwitu katika vichaka vya Kajiado na Laikipia vijue kwamba mtego wa kisanduku cha alumini ulioachwa wazi juani ni tanuri. Mnyama wa gramu 30 akinaswa humo saa tatu asubuhi, huenda adhuhuri isimkute hai.

Mitego ifunguliwe saa kumi na moja jioni, ikaguliwe alfajiri, kisha ifungwe yote, hata ile mitupu. Iwekwe chini ya kichaka, mlango ukiwa sawa na ardhi. Bonyeza kibao cha ndani kwa kijiti kabla ya kuondoka. Changarawe moja ikikwama chini yake, mlango haufyatuki, na panya atakula chambo na kwenda zake. Chambo ni siagi ya karanga iliyokandwa na unga wa shayiri, donge dogo nyuma ya kibao. Usikipake mlangoni, kwani kitaita sisimizi. Penye siafu hamisha mtego mara moja, maana humla mnyama akiwa hai. Usiku wa baridi ongeza pamba kavu.

Panya mwenye miiba mgongoni anahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ngozi yake huchanika kwa kuguswa tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba huiotesha upya, lakini hiyo si ruhusa ya kumchuna. Asishikwe mkia wala ngozi ya shingo. Mwache aingie mwenyewe kwenye mfuko wa kitambaa, mpime humo humo, kisha toa uzito wa mfuko. Glavu ni lazima, kwani mkojo wa panya unaweza kubeba leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoambukiza watu.

Hesabu nayo huharibiwa mno. Mtego mmoja uliotegwa usiku mmoja ni usiku-mtego mmoja, hivyo mitego 49 kwa siku nne ni usiku-mitego 196. Ikiwa 40 ilikutwa imefyatuka, 22 ikiwa na panya na 18 mitupu, punguza nusu usiku kwa kila mmoja, kwani ukishafyatuka haunasi tena, zinabaki 176. Panya 22 kwa 176 ni 12.5 kwa kila usiku-mitego 100, si 11.2 ya kugawa kwa 196. Ripoti isiyotaja mitego iliyofyatuka haifai kulinganishwa na nyingine. Iseme pia wazi kwamba panya wa nyasi, anayetembea mchana, hakuhesabiwa ipasavyo.

Wachunguzi wa wanyama wadogo,
Nairobi